Viatu vya Kwenda Petrópolis

Kauane aliingia jikoni begi likiwa bado mgongoni na barua ya shule mkononi. Bibi yake, Dona Zenaide, alikuwa mezani anachambua maharage meusi. Akamtupia jicho mjukuu wake, na moyo ukamwambia kuna jambo, maana mtoto wa miaka kumi hafurahii barua ya shule hivi hivi.

"Bibi! Ijumaa ya wiki ijayo tunakwenda Petrópolis! Kwenye jumba la mfalme!"

"Ehee. Vizuri. Nawa mikono ule."

"Na wewe unakuja."

Sinia likateleza, maharage yakatapakaa sakafuni.

"Mwalimu Rosilda aliuliza nani nyumbani kwao kuna mtu aliyefika zamani," Kauane akaendelea, hana habari. "Nikanyoosha mkono. Nikasema bibi yangu alienda mwaka sitini na saba, na viatu vipya vyeusi vya kifungo, vikawa vinalia ko, ko, ko kwenye sakafu ya mfalme. Mwalimu akanitazama hiviii, akacheka kidogo, akasema lazima uje utusimulie ndani ya basi. Darasa zima likapiga makofi!"

"Nani kakutuma unyooshe mkono?"

"Kwani hufurahi, Bibi?"

"Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mpaka maharage yamenimwagika. Haya, okota."

Tusizungushane. Dona Zenaide hakuwahi kufika Petrópolis maisha yake yote. Safari hiyo ameisimulia Krismasi kwa Krismasi, harusini, mpaka kwenye matanga ya watu, na mji wenyewe hajaukanyaga hata kwa ncha ya kidole. Mwongo? Ndiyo, mwongo. Lakini msimhukumu kabla hamjasikia.

Mwaka huo wa sitini na saba alikuwa na miaka kumi na mmoja, mama yake akiishi kwa kufulia watu nguo. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba kila mtoto aje na viatu vya kufunika vidole, maana jumba la mfalme si sokoni. Zenaide alikuwa na ndala za mpira, jozi moja, kamba ya kulia imeshikiliwa na msumari. Hakumwambia mama yake. Angemwambia, mama angelia juu ya beseni la nguo za watu, na hilo mtoto hakulitaka. Siku ya safari akajificha nyuma ya kanisa, akalisikia basi likiondoka na nyimbo zake. Kesho yake akasema ana homa, akalala wiki nzima ili masimulizi ya wenzake yapite bila yeye. Mwisho wa mwaka akaacha shule, akaenda kujifunza kushona.

Uongo wenyewe ulizaliwa baadaye, akiwa na miaka ishirini. Valdecir, kijana aliyekuwa anamfuatafuata, alimpeleka kwa shangazi yake Odete, mwalimu, mwanamke wa miwani na maswali. Mezani pale wote walikuwa watu wa shule. "Na wewe, binti, umewahi kutembea wapi?" akauliza shangazi. Zenaide akausikia mdomo wake ukisema Petrópolis. Mara ukasema viatu vyeusi vya kifungo. Mara ukasema ko, ko, ko. Picha ya jumba alikuwa ameiona kwenye kalenda ya duka la dawa. Viatu alivitoa kichwani mwake mwenyewe. Shangazi Odete akashusha miwani, akafungua mdomo, na papo hapo Valdecir, na ubwege wake ule, akalipiga kumbo jagi la juisi ya mapera, meza nzima ikaloa. Mazungumzo yakaishia kwenye kutafuta matambara.

Wiki mbili baadaye huyo Valdecir akaja kumchumbia. Wenzake huja na pete. Huyu alikuja na boksi la viatu: vyeusi, vya kifungo, vyenye kisigino. Mpaka leo Zenaide humsimanga kwa hilo mbele za watu. "Wenzangu walivishwa pete vidoleni, mimi nikavishwa viatu kama farasi!" Watu hucheka, Valdecir naye hucheka, halafu anaendelea kula.

Basi uongo ukakua ukaota ndevu. Mtu mwingine akianza habari za Petrópolis, Zenaide hukimbilia jikoni kutazama sufuria isiyo na kitu. Mwanaye Robson, zamu ya darasa lake ilipofika, alishikwa na matubwitubwi asiende, na mama mtu, Mungu amsamehe, alishukuru. Lakini hii ya sasa haikuwa Krismasi. Lilikuwa basi la watoto arobaini na mwalimu analijua jumba, na Kauane katikati yao amenyoosha shingo kwa kujivuna. Wakimwuliza bibi swali moja tu, ngazi ziko upande gani, aibu haitakuwa yake peke yake. Mtoto ataitwa mjukuu wa mwongo mpaka amalize shule. Watoto wa hapa Nilópolis hawasahau, na hawana huruma.

Kabla maharage hayajachemka, alikuwa ameshakata shauri. Atakwenda kabla yao, peke yake, kimya kimya. Akishafika akaona, si atakuwa amefika? Uongo utakuwa kweli, umechelewa kidogo tu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Zenaide ilikuwa na mabasi matatu.

Na siku ilikuwa moja tu, Jumatatu. Jumatatu Valdecir hushinda kliniki akinyooshwa goti lake, harudi mpaka saa tisa alasiri. Jumanne Zenaide hushona na kina mama wa kanisani, Jumatano Robson huja kula, Alhamisi Kauane hana vipindi vya mchana, na Jumamosi na Jumapili nyumba hujaa kama stesheni. Simu yake haikumfaa kitu, kwa sababu kila alichotafuta humo Kauane alikuja kukikuta na kukitangaza. Ijumaa asubuhi akajitanda mtandio, akaenda kwenye kibanda cha magazeti cha mzee Genivaldo, ambaye wote humwita Seu Genivaldo.

"Seu Genivaldo, za asubuhi. Hivi mtu, si mimi, mtu mwingine, akitaka kwenda tuseme huko milimani, anapandia wapi?"

"Milimani wapi?"

"Milimani tu."

"Dona Zenaide, milima ni mingi nchi hii."

Akainama dirishani. "Petrópolis."

"PETRÓPOLIS!" Seu Genivaldo amekaa kando ya barabara miaka thelathini, hajui kunong'ona. "Si ulishakwenda wewe! Na vile viatu vyako!"

Hata huyu anajua! Zenaide akatazama kulia na kushoto. "Punguza sauti, baba. Ni binamu yangu Ivonete ndiye anayetaka kwenda."

"Basi mwambie asihangaike kwenda mpaka Rio mjini, atajichosha bure. Apande hapa la Caxias. Caxias apande la Petrópolis. Sasa anisikilize vizuri: lile basi halifiki mjini kwenyewe. Linamtua kituo kikuu, nje kabisa, na hapo apande la tatu, la mjini. Wengi wanashuka pale wanaanza kutembea kwa miguu wakimtafuta mfalme mpaka jua linazama."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni hivyo hivyo, kinyumenyume. Na abebe limau la kunusa. Zile kona za mlimani zinamtoa mtu chakula cha juzi."

Aliporudi nyumbani hakuweza kukaa. Alipiga pasi blauzi ileile mara mbili. Alitia chumvi kwenye wali mara mbili, Valdecir akala kimya huku anakunywa maji. Jumamosi alibeba kikapu kitupu akaenda mpaka kituo cha mbele ya kanisa na kurudi, ameshika saa ya mumewe: dakika saba kwenda, tisa kurudi, maana nyonga nayo ina maoni yake. Akatoka tena kuhakikisha. Jirani mmoja akamwuliza dukani kuna nini leo, akajibu hakuna kitu, ndiyo maana anarudi kuangalia tena.

Mpango wote aliuandika kwenye daftari la mapishi, baina ya maandazi na supu ya mboga, ili Valdecir akilifungua asishtuke. Akaupa jina: Keki ya Mahindi ya Ivonete.

"Vikombe vitatu. Anza kupasha saa kumi na mbili na robo, mbele ya kanisa. Koroga mpaka Caxias. Kikombe cha kwanza kikikosekana, ongeza dakika ishirini. Oka kwa muda wa saa moja na nusu, usifunue kwenye kona. Shusha nje, hamishia kwenye chombo kidogo. Iwe imeiva saa nne. Itolewe saa tano na nusu, isichelewe. Saa tisa iwe mezani."

Akaisoma, akafuta dakika ishirini akaandika ishirini na tano, akaisoma tena. Ilikuwa mara ya nne anaiandika upya; rasimu za kwanza zilibaki kwenye daftari la zamani la akiba.

Jumapili baada ya kanisa, wakiwa wawili mezani, Valdecir akauliza, "Kesho una safari?"

"Naenda Caxias kwa Ivonete. Mguu umemvimba."

"Kesho Jumatatu."

"Mzee, leo tumetoka kanisani. Kesho itakuwa nini, Alhamisi?"

"Nasema tu. Jumatatu siku mbaya. Vitu vingi vinafungwa."

"Mguu wa Ivonete unafungwa Jumatatu?"

Valdecir akatafuna taratibu. "Ningekuwa mimi ningekwenda Jumanne."

"Jumanne nina kina mama wa kanisani."

"Waambie unaumwa."

"Valdecir! Unataka nilidanganye kanisa?"

Akamtazama mkewe kitambo, kijiko cha unga wa muhogo hewani. "La," akasema. "Uongo si mzuri."

Tonge likamkwama Zenaide kooni, akapigwa mgongoni. Jioni mzee akajaribu tena, akasema redio imetangaza mvua kubwa Jumatatu. Zenaide akatoka uani, akatazama juu: mbingu nyeupe pee. Akamwambia aache uzee.

Jumatatu saa kumi na mbili na dakika tano alikuwa kituoni, limau mfukoni, daftari kwenye mkoba. Basi la kwanza likaja kwa wakati wake. Caxias akakuta foleni ndefu, na mzee mmoja mbele yake anabishana na mkata tiketi juu ya kiti cha dirishani. "Baba, kaa popote, tunachelewa!" akasema Zenaide. "Unachelewa wapi mama, kwenye sherehe?" "Kwenye keki!" akajibu, watu wakamgeukia. Alipokwisha kukaa alifungua daftari mara kumi, kana kwamba maneno yangekimbia.

Kisha mlima ukaanza. Basi likapinda kushoto, likapinda kulia, bonde likaonekana dirishani mahali palipotakiwa kuwa barabara. Zenaide akanusa limau mpaka likaisha harufu. Akaomba Bikira Maria. Akamwahidi kwamba akifika salama hatasema uongo tena, ila huu mmoja, ambao si uongo tena. Katikati ya sala akamwomba jirani yake mfuko, na sala ikaishia mle ndani ya mfuko.

Kituo kikuu alishuka, akaliona basi la mjini linaondoka, akalikimbilia. Mwanamke wa miaka sitini na saba na nyonga yake! Akaligonga ubavuni, dereva akafungua. Saa nne na dakika tano alikuwa mbele ya jumba la mfalme, nguo imemganda mgongoni. Jumba lilikuwa nyuma ya miti, la rangi ya waridi kama kwenye kalenda ile. Akacheka peke yake. Amefika!

Geti lilikuwa na mnyororo.

Akalisukuma. Akalisukuma tena. Pembeni palikuwa na kibao: Makumbusho, Jumanne hadi Jumapili. Akakisoma mara tatu, pengine Jumatatu imejificha mahali. Ee Mungu wangu. Mtu aliyewahi kuingia jumba la makumbusho hata mara moja anajua kwamba Jumatatu hufungwa. Kutojua ni kwa yule tu ambaye hajawahi kuingia popote. Zenaide akashika vyuma vya geti, na hasira zikamjaa mpaka machoni. Mabasi matatu! Limau! Na mume wake alimwambia, mara mbili alimwambia, akamwita mzee.

Hakukubali kuondoka hivi hivi. Akaufuata ukuta ubavuni, hata kama ni dirisha moja aone, hata pazia. Akafika mahali pa uzio wa vyuma, na ndani yake uwanjani, juani, juu ya maturubai, akaona ndala. Si kumi wala hamsini. Mamia ya ndala kubwa za kitambaa kizito, bapa, zisizo na kisigino, kila moja inaweza kumeza mguu na kiatu chake. Mwanamke mmoja mwenye kilemba alikuwa anazipiga vumbi kwa fimbo, mbili mbili.

"Dada, mmefungua duka la ndala hapa?"

Yule mwanamke akacheka. "Za wageni hizi, mama. Jumatatu ndiyo siku yetu ya kuzianika."

"Wageni gani?"

"Wa jumba. Kila anayeingia anavaa hizi juu ya viatu vyake, anakwenda anaburuta. Sakafu ni mbao za zamani, kiatu hakiruhusiwi kuzigusa."

"Siku hizi, sivyo? Zamani haikuwa hivyo."

"Zamani zote. Mama yangu alifanya kazi hapa kabla yangu, na alikuwa anazipiga ndala vumbi kama mimi. Awe tajiri, awe askofu, anavaa. Ukimwuliza mtoto aliyekuja hapa habari za taji, hajui. Mwulize ndala! Atakuonyesha alivyoteleza."

Zenaide akausogelea uzio. "Kwa hiyo kiatu... hakilii?"

"Kitalia vipi? Ndani humo ni shwaa, shwaa tu."

"Na mtu akija na ndala za mpira?"

"Si anavaa hizi juu yake? Nani atamwona? Miguu yote humu ndani inafanana, mama."

Zenaide akakaa kwenye ukingo wa ukuta. Miguu yote inafanana. Siku ile angeingia. Angepanda basi na msumari wake, angeingia na ndala zake za mpira, angefunikwa ndala nyingine juu, na asingekuwepo mtu wa kuzijua. Alikaa nyuma ya kanisa kutwa nzima kwa ajili ya viatu vya kwendea mahali ambapo hakuna anayeona viatu. Uchungu ulimpanda, ukampanda mzima mzima kama wa siku ileile, akalia, na yule mwanamke akaacha fimbo akamletea maji kwenye kikombe cha plastiki, bila kuuliza.

Akiwa basini, kwenye kona za kurudi, ndipo likamjia la pili. Kila mtu alijua. Kila aliyewahi kwenda Petrópolis, na nani Rio hajapelekwa na shule, aliposikia ko, ko, ko alijua huyu hajafika. Mwalimu Rosilda alijua, ndiyo maana alicheka kidogo. Shangazi Odete alijua, ndiyo maana alishusha miwani. Na Valdecir! Valdecir aliyesoma Rio mjini, Méier, aliyepelekwa mara mbili, aliyekaa kando yake Krismasi arobaini na saba akila na kutabasamu!

Hata hakusikia kichefuchefu.

Alifungua mlango saa tisa kasorobo. Valdecir alikuwa jikoni na fulana yake ya nyumbani, unga mpaka kwenye nyusi. Daftari la zamani la mapishi, lile la akiba lenye rasimu za Zenaide, lilikuwa wazi mezani, na kando yake kitu cha njano kilichobonyea katikati.

"Umewahi," akasema mzee. "Kliniki nimewaaga mapema. Nimejaribu kupika keki ya Ivonete, lakini maelezo yake magumu. Inasema koroga mpaka Caxias. Nimekoroga mpaka mkono umekufa."

Zenaide hakucheka. Aliutupa mkoba kwenye kiti. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, Valdecir. Wanavaa ndala juu ya viatu. Tangu lini unajua sikwenda?"

Mzee akafuta mikono polepole kwenye kitambaa. "Tangu mezani kwa shangazi."

"Ile juisi."

"Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo. Sikuwa na kitu kingine karibu."

"Miaka arobaini na saba! Umeniacha niseme ko, ko, ko mbele za watu kama kasuku! Watu wananicheka mioyoni, na wewe umekaa unatafuna!"

"Hakuna aliyekucheka. Na ulikuwa unaisimulia vizuri." Akaona uso wa mkewe, akaacha mzaha. Akavuta kiti, akakaa, goti mbele. "Ningekwambia nini, Zenaide? Kitambaa cha kupangusia kilianguka siku ile, nikainama kukiokota. Nikaona miguu yako. Ulikuwa umevaa viatu vya dada yako, vimekuzidi, karatasi zinachungulia kisiginoni, na umeificha yote chini ya kiti. Nikajiambia, msichana huyu hakutaka kumdanganya mtu habari za mfalme. Msichana huyu anavitaka vile viatu."

Boksi lilikuwa juu ya kabati chumbani, lilikuwepo siku zote, na Zenaide akaliona mbele ya macho yake kama ndiyo kwanza linaletwa. Vyeusi. Vya kifungo. Vyenye kisigino cha kulia ko, ko, ko. Mzee alizunguka mji mzima kutafuta viatu vinavyofanana na uongo wa mkewe, na mkewe akavigeuza kichekesho cha harusini.

"Nilidhani hukuwa na fedha ya pete," akasema.

"Nilikusudia kuinunua baadaye. Sikununua. Hilo kosa langu."

"Nimekusimanga miaka yote, Valdecir."

"Watu walikuwa wanafurahi." Akaisogeza ile keki ya njano iliyobonyea. "Onja."

Alionja. Ilikuwa mbaya kupita kiasi, na aliimaliza yote huku machozi yanamtoka, maana alimpenda mzee yule siku ile kuliko siku aliyoolewa, na hakujua pa kuyaweka mapenzi yenyewe.

Kauane aliporudi shuleni alikuta bibi yake amekaa mlangoni anamsubiri. Zenaide alimwambia wima wima, bila kuzunguka. "Sikwenda Petrópolis. Sijawahi kufika. Nilidanganya."

"Lakini nimewaambia wote!" Mtoto uso ulimwiva. "Nimemwambia Mwalimu! Kwa nini umenidanganya?"

"Sikuwa na viatu."

Kauane akaenda chumbani akafunga mlango kwa kishindo. Zenaide hakumfuata. Alipitisha nusu saa nzima akitembea kutoka jikoni mpaka uani na kurudi, akipangusa vilivyopanguswa, mpaka mlango ukafunguka ufa.

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya kanisa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka basi liliporudi. Jioni."

"Ulikula nini?"

"Sikula."

Mtoto akausukuma mlango. Akatoka, akajiegemeza kwenye bega la bibi, bado amenuna. "Na Ijumaa nitawaambia nini?"

"Wewe hutasema kitu. Nitasema mimi."

Kutoka jikoni Valdecir akapaza sauti, "Na akae dirishani huyo! Nasikia anatapika kwenye kona!"

"Nani kakwambia?" akafoka Zenaide.

"Mkoba wako unanuka!"

Ijumaa, basi lilipotoka tu Nilópolis, Mwalimu Rosilda alimkabidhi Zenaide kipaza sauti, na macho ya mwalimu yalikuwa na wasiwasi kuliko ya Zenaide mwenyewe. Zenaide akasimama, akashika kiti. "Mimi naitwa Zenaide, bibi yake Kauane," akasema, "na huko tunakokwenda sijawahi kufika." Akawasimulia habari za ubao, na ndala yenye msumari, na nyuma ya kanisa. Hakupamba kitu. Alipomaliza, msichana mmoja wa kiti cha nyuma akauliza kama anaogopa, kwa vile ni mara yake ya kwanza. "Sana," akajibu Zenaide. Yule msichana akasema hata yeye.

Mlangoni mwa jumba walikalishwa kwenye mabenchi kuvaa ndala. Kauane alipiga magoti akamvisha bibi yake, kwanza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, juu ya viatu vyeusi vya kifungo vilivyokaa kwenye boksi miaka yote hiyo. Zenaide akasimama juu ya mbao zinazong'aa, akasukuma mguu mmoja, akasukuma wa pili. Shwaa, shwaa. Hakuna aliyejua chini ya zile ndala amevaa viatu gani, ila mjukuu wake, na mzee mmoja kule Nilópolis, ambaye alfajiri hiyo alikuwa amelikunja lile goti lake bovu akapiga magoti sakafuni, akavifunga vifungo mwenyewe.